Gemu yetu ya mpira inaingia nchi nyingine: tuiuze bei gani, tuitangaze vipi?

Swali: Tuna gemu ya mpira wa miguu ya simu. Nyumbani tunaiuza dola 4.99. Mtu analipa mara moja na kucheza atakavyo, hakuna matangazo wala kitu cha kununua ndani, na imetulipa vizuri. Sasa tunataka kuipeleka nchi nyingine ambako mpira unapendwa kupita kiasi, ila kipato cha watu ni kidogo na karibu wote wanatumia Android. Tushushe bei hadi ngapi? Mwenzangu anataka karibu bajeti yote ya matangazo tumlipe mchezaji maarufu wa huko, mimi nasita. Na je, tusubiri mpaka tupate leseni za timu halisi?

Jibu: Ndugu yangu, una haki ya kusita, na nitafika huko. Nianze na bei, kwa sababu hapo ndipo naona mnaelekea pabaya. Mnauliza dola 4.99 ishuke hadi ngapi, wakati kinachowazuia watu katika soko kama hilo ni mahali bei ilipokaa kuliko ukubwa wake. Bei ikiwa mlangoni, hata iwe ndogo namna gani, inamtaka mtu asiyewajua afanye kazi nzima kabla hajagusa mpira: aingize kadi au njia nyingine ya malipo kwenye akaunti yake ya duka la programu, athibitishe, kisha aamini kwamba gemu ya kampuni ambayo hajawahi kuisikia inastahili pesa yake. Usumbufu huo ni uleule kwa senti 99 na kwa dola 5. Mkishusha bei tu, mtapunguza mapato na kizuizi kitabaki palepale.

Mwaka 2016, mwezi Desemba, Nintendo walitoa Super Mario Run kwenye iPhone. Hatua za mwanzo zilikuwa bure, zilizobaki zilifunguliwa kwa malipo ya mara moja ya dola 9.99. Jina la Mario linajulikana dunia nzima, na gemu ilipakuliwa kwa wingi: kufikia mwaka uliofuata kampuni ilitaja mara milioni 200. Hata hivyo kampuni hiyohiyo ilisema faida haijafika kiwango ilichokitarajia. Watu walikuja, wakacheza za bure, walipofika kwenye ukuta wa malipo wengi wakageuza. Ninyi mnaingia bila jina kama hilo, kwa hiyo ukuta wenu usiwe kwenye lango, wala usiwe mmoja tu.

Ushauri wangu ni huu: gemu ipakuliwe bure, na mtu acheze mechi nzima, hata ligi nzima dhidi ya kompyuta, bila kuombwa chochote. Ndani muwe na vitu vitatu vya kuingiza pesa. Cha kwanza ni toleo kamili, linalolipiwa mara moja na kufungua kila kitu milele. Huo ndio utaratibu wenu wa nyumbani, na wapo watu wengi wanaouheshimu kila mahali, hasa wazazi. Cha pili ni vitu vya kupendezesha: jezi, viatu, viwanja, namna za kushangilia goli. Cha tatu ni video za matangazo ambazo mchezaji anachagua mwenyewe kuzitazama ili apate kitu kidogo, labda nafasi ya kurudia mkwaju wa penalti aliokosa kwenye mazoezi. Tangazo la kulazimishwa katikati ya mechi msiliweke kabisa. Mtu anayepiga chenga kuelekea golini akakatizwa na tangazo la sabuni hawezi kuwasamehe.

Kuna jambo moja ninalolisimamia kwa nguvu zote: msiuze ushindi. Msiuze mshambuliaji mwenye mbio ambazo hazipatikani kwa kucheza, wala nguvu za ziada kwenye mechi za mtandaoni. Gemu za vita na za kujenga miji zinaweza kuishi na biashara hiyo kwa muda, kwa kuwa mchezaji hana kipimo cha nje cha haki. Shabiki wa mpira anacho. Amekua akibishana kuhusu penalti na kuotea. Haki ya mchezo anaijua kwa damu. Akifungwa na mtu aliyenunua miguu, anaifuta gemu, anaandika maoni ya nyota moja, na maoni hayo yanabaki kwenye ukurasa wenu wa dukani yakiwafukuza wengine ambao mngewapata bila gharama.

Visanduku vya bahati, vile ambavyo mtu ananunua bila kujua atatoka mchezaji gani, navyo vina hatari ya kisheria juu ya ile ya heshima. Japani ilipiga marufuku mwaka 2012 ule mtindo wa kukusanya seti nzima kwa kubahatisha. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kwamba visanduku vya kulipia ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA wakaacha kuuza nchini humo pointi za gemu yao ya FIFA, zile ambazo watu walinunulia visanduku hivyo. Apple tangu Desemba 2017 wanataka uwezekano wa kupata kila kitu uonyeshwe kabla mtu hajalipa. Someni sheria za nchi mnayokwenda kabla hamjaandika hata mstari mmoja wa programu: kamari, ulinzi wa watoto, mashindano yenye zawadi ya pesa, na vibali. China kwa mfano haikubali gemu iuzwe bila kibali cha uchapishaji. Na msikubali matangazo ya kampuni za kubashiri matokeo ndani ya gemu yenu, hata kama yanalipa kuliko mengine. Gemu ya mpira inachezwa na watoto wengi.

Sasa tarakimu. Kubadilisha dola 4.99 kwa kiwango cha siku ni kosa, na ndivyo mfumo utakavyowafanyia mkiuachia. Apple walipopanua ngazi za bei Desemba 2022 hadi 900, kuanzia dola 0.29, waliweka pia utaratibu wa kuchagua nchi ya msingi na nyingine zote zikajipanga kwa kufuata kodi na kiwango cha kubadilisha fedha. Google Play nao wana ubadilishaji wao. Ni msaada mzuri kwa nchi ambazo hamna mpango nazo. Kwa nchi mnayoilenga, andikeni bei kwa mkono, kwa sarafu ya huko, na iwe bei inayotamkika: namba kamili ambayo mtu ameizoea, isiwe na senti za ajabu zilizotokana na hesabu ya kompyuta.

Mtaipataje? Fungueni duka la programu la nchi hiyo, mtazame gemu za mpira zinazoongoza kwa mapato, si kwa kupakuliwa. Duka linaonyesha kiwango cha chini na cha juu cha manunuzi ya ndani. Andikeni kiwango cha chini cha kila moja. Kisha ulizeni watu wa huko wanaweka vocha ya simu ya kiasi gani kwa kawaida na kifurushi cha intaneti cha wiki ni bei gani. Kitu chenu cha bei ndogo kabisa kisizidi kile mtu anachotoa kwenye simu yake bila kufikiria mara mbili. Toleo kamili liwe pale anapofikiria mara moja, akakubali. Umbali kati ya hizo bei mbili usiogope. Asiye na uwezo leo atanunua jezi, mwenye mapenzi atanunua lote.

Kabla hamjafurahia bei yoyote, piganeni na makato. Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, kitu kinauzwa sawa na dola 1.99 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 imo ndani ya bei. Ondoeni kodi, inabaki kama 1.66. Kiwango cha kawaida cha maduka kwa miaka mingi kimekuwa asilimia 30, ila tangu 2021 Apple wana mpango wa asilimia 15 kwa watengenezaji wanaoingiza chini ya dola milioni 1 kwa mwaka, na Google mwaka huohuo walianza kukata 15 kwenye milioni ya kwanza. Mkiwa kwenye asilimia 15 mnabaki na 1.41, mkiwa kwenye 30, na 1.16. Mpango huo wa makato madogo unahitaji kujiandikisha. Kajiandikisheni wiki hii hii kama bado.

Anzeni bei juu kidogo, kisha mtoe punguzo la uzinduzi lenye tarehe ya mwisho. Kushusha bei hakumuudhi mtu. Kupandisha kunawaudhi wote. Ila punguzo liwe na sababu, kama ufunguzi wa msimu au fainali. Likija kila wiki, watu watajifunza kusubiri.

Pia bei nzuri haina maana kama hakuna njia ya kuilipa. Nunueni simu ya bei ya chini inayotumika sana huko, muweke laini ya huko, mjaribu kununua jezi yenu wenyewe. Hesabuni mibonyezo: mtu anabonyeza "nunua", duka linamwomba kadi ya benki, hana, anabonyeza nyuma. Mauzo yamekwisha hapo, na ripoti zenu hazitawaonyesha sababu. Kama duka linaruhusu kukata kwenye salio la simu, au linapokea mfumo wa malipo wa kitaifa kama UPI ya India au Pix ya Brazili, hakikisheni njia hiyo inafanya kazi na kwamba picha ya kwanza ya dirisha la malipo inaionyesha. Kadi za zawadi za duka nazo ni njia kubwa kwa vijana wasio na akaunti ya benki.

Simu hiyohiyo itawafundisha jingine: ukubwa wa faili. Mwaka 2017 timu ya Google Play ilieleza kwamba kila megabaiti 6 zinazoongezeka kwenye programu ya Android hupunguza uwezekano wa kusakinishwa kwa asilimia 1. Kwa mtu anayelipia intaneti kwa kifurushi na mwenye simu iliyojaa picha za familia, naamini uzito huo unauma zaidi. Wekeni mechi ya kwanza ndani ya faili dogo, viwanja na sauti za watangazaji vishuke baadaye mtu akiwa kwenye waifai. Punguzeni hata nyasi, ikibidi. Gemu inayokwenda laini kwenye simu ya kawaida inawashinda wakubwa ambao gemu zao zinakwama.

Nije kwenye matangazo. Msilipie tangazo kubwa hata moja kabla hamjajua watu wanarudi. Fungueni kwanza kimyakimya kwenye nchi hiyo au inayofanana nayo, mlete watu mia kadhaa kwa tangazo dogo, mhesabu wangapi wanafungua tena gemu kesho yake, siku ya 7 na siku ya 30. Kipimo cha zamani kinachotajwa sana katika biashara hii ni asilimia 40, 20 na 10. Gemu nyingi haziifikii, kwa hiyo msivunjike moyo mkiwa chini kidogo, lakini mkiona siku ya 7 wamebaki watu watatu katika mia, rudini kwenye gemu. Supercell, watengenezaji wa Clash of Clans, wenye pesa za kutangaza chochote, wamefunga gemu kadhaa zikiwa bado kwenye hatua hiyo ya majaribio. Na bure peke yake haiokoi gemu mbovu: kampuni ya Konami walipogeuza gemu yao ya mpira, PES, kuwa eFootball ya bure mwaka 2021, toleo la kwanza lilikuwa na kasoro nyingi kiasi cha kampuni kuomba radhi.

Mkishajua wanarudi, pigeni hesabu ya kila mtu mmoja. Nitumie tena namba za kufikirika. Watu 1,000 wamesakinisha. 20 wananunua, kila mmoja mara mbili, na mnabaki na 1.41 kila mara: dola 56.40. Wote kwa pamoja wametazama video za hiari mara 15,000, na mtandao wa matangazo unawalipa dola 2 kwa kila mara elfu: dola 30. Jumla 86.40, yaani kama senti 8 na nusu kwa kila aliyesakinisha. Tangazo linalowaletea mtu kwa senti 20 linawafilisi polepole huku likionekana kuleta umati. Linalomleta kwa senti 5 ongezeni pesa leo. Namba zenu zitakuwa tofauti, lakini msifanye uamuzi wowote wa matangazo bila karatasi hiyo mezani. Kwa kuwa soko lenu ni la Android mna nafuu moja: tangu Aprili 2021 iPhone inazitaka programu zimwombe mtu ruhusa kabla ya kumfuatilia, na tangu hapo ni vigumu zaidi kujua tangazo gani limemleta nani.

Sasa yule mchezaji maarufu. Nimeelewa kwa nini mwenzako anamtaka. Top Eleven ilimtumia José Mourinho kama sura yake kwa miaka, na ilifaa: ni gemu ya kuwa kocha, yeye ni kocha, na kampuni ilikuwa tayari na wachezaji wengi pamoja na pesa ya kuendelea kutangaza baada ya picha yake kutoka. Mchezaji wa kulipwa mara moja anawapa kelele za siku chache. Akiumia, akihamia klabu pinzani au akikosa penalti ya fainali, sura yenu imeenda naye. Vilevile haki za picha zake zinaweza kuwa chini ya klabu au mdhamini wa viatu, na mkataba wa wakili mmoja unaweza kumeza robo ya bajeti. Na nusu ya mashabiki wa nchi hiyo wanamzomea kila wiki, kwa kuwa anachezea watani wao.

Pesa hiyo igawanyeni kwa watengeneza video wadogo wengi wanaozungumzia mpira kwa lugha ya huko, wa kila rangi ya jezi. Msiwape maneno ya kusoma. Wapeni gemu mapema, kipengele cha kurekodi goli na kulituma kwa mguso mmoja, na changamoto moja: warudie ndani ya gemu goli lililofungwa kwenye mechi ya kweli jana yake. Video ya namna hiyo inafika asubuhi watu wakiwa bado wanalibishania goli lenyewe, na maoni yanajijaza bila kulipiwa. Hakikisheni wanasema wazi kwamba wamelipwa. Nchi nyingi zinalidai hilo kisheria, na mashabiki wanalithamini.

Kalenda ya mpira ndiyo kalenda yenu. Wiki ya ufunguzi wa ligi, dabi, dirisha la usajili, mashindano ya timu za taifa: hizo ndizo siku ambazo mtu anafungua simu akitafuta mpira. Lakini tazameni pia kalenda ya wanunuzi wa matangazo. Kombe la Dunia la 2022 lilichezwa kuanzia Novemba 20 hadi Desemba 18, miezi ambayo maduka ya mtandaoni yanagombania kila nafasi ya tangazo na bei inapaa. Mwezi Januari bei ya nafasi zilezile hushuka sana. Kwa bajeti ndogo, wakati wa mashindano makubwa leteni vitu vipya kwa wachezaji mlionao na video za mashabiki, kisha mnunue matangazo umati wa wanunuzi ukishaondoka. Usajili wa mapema kwenye duka ufungueni wiki kadhaa kabla ya ligi kuanza, ili siku ya kwanza gemu ishuke kwenye simu nyingi kwa mkupuo mmoja.

Ukurasa wa dukani unastahili siku nyingi za kazi kuliko tangazo lolote. Picha ya kwanza ionyeshe mpira ukiwa mguuni na lango mbele, si menyu wala nembo ya kampuni yenu. Google Play inawaruhusu kupima picha mbili kwa watu tofauti bila malipo. Pimeni ikoni kwanza. Maneno yaandikwe na shabiki wa huko, kwa sababu istilahi za mpira hazitafsiriki kwa kamusi: kila nchi ina jina lake la kuotea, la kanzu, la mpira wa kona, na mtu akisoma moja lililokosewa anajua papo hapo kwamba ninyi ni wageni. Sauti ya mtangazaji pia. Kama hamwezi kupata mtangazaji mzuri wa lugha hiyo, wekeni kelele za uwanja tu.

Kuhusu leseni, msisubiri. Gemu kubwa zimeishi bila hizo. Konami walipochukua haki za Juventus mwaka 2019, ndani ya FIFA 20 klabu hiyo iliitwa Piemonte Calcio na watu wakaendelea kucheza. Kabla ya hapo, PES ilikuwa na timu iitwayo Man Red na kila shabiki alijua ni Manchester United. Tungeni klabu zenu zenye miji ya kubuni na rangi zinazopendeza, mruhusu mchezaji abadilishe majina na jezi kwenye simu yake mwenyewe. Msichoweza kufanya ni kuweka ninyi majina, sura au nembo za kweli, au kuzitumia kwenye tangazo, hata kwa kugeuza herufi mbili. Ikija siku ya leseni, anzeni na ligi ndogo au klabu ya daraja la chini. Hao hufurahi kuwekwa kwenye gemu, huomba kidogo, na mashabiki wao huja wote.

Wiki mbili za kwanza baada ya kufungua, wewe au mwenzako jibuni kila maoni ya dukani kwa lugha ya huko, ya nyota moja kabla ya yale ya nyota tano. Anayelalamika kwamba kipa anaruka upande usio wake, mwambieni toleo gani litarekebisha na lini, kisha mlitoe siku hiyo.